Himma Ikishuka Ugenini: Majibu kwa Barua Zenu

Barua za mada hii, ya himma (hamu na bidii) kupungua ugenini, zimetufikia nyingi kuliko tulivyotarajia. Nyingi ni za vijana wa Unguja na Pemba waliotumwa na misikiti na vyuo vyao kwenda kusomesha dini nje ya nchi bila mshahara. Chache zimeandikwa na waliobaki nyumbani. Tumechagua tano. Majina tumeyaficha kama mlivyoomba.

Watoto 60 wamebaki 22

*Assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa miaka 24, kwetu Wete. Nipo Mangochi, Malawi, tangu Novemba, nasomesha Qur'ani chuoni kila siku baada ya Alasiri. Nilianza na watoto 60, wiki iliyopita walikuja 22. Naamka mzito, kisomo changu mwenyewe kimesimama, na ikiadhiniwa Alasiri najiona kama ninayeburutwa. Kamati ya msikiti wetu imenichangia nauli, naona haya kuwaambia. Je, niya yangu imeharibika? – Ustadhi M., Mangochi*

Wa alaykum salaam, mwanetu. Niya yako hatuioni sisi, lakini barua yako inatuonesha dalili za mambo ambayo hayahitaji niya mbovu ili yatokee: usingizi haukutoshi, watoto wana njaa, na hesabu yako huna uliyoiandika. Anza na hayo kabla hujajihukumu. Imam Ahmad amepokea hadithi kwamba kila amali ina wakati wa shauku na kila shauku ina wakati wa kulegea, na kinachoangaliwa ni mtu analegea kuelekea wapi. Wewe bado unasali jamaa na bado unakwenda chuoni, japo kwa kujiburuta. Basi uko pazuri kuliko unavyodhani.

Tuanze na usingizi, kwani hapa vijana wetu wengi hunasa bila kujua. Saa za Malawi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, lakini jua halikurudi nyuma kwa kiasi hicho. Mwezi wa Disemba na Januari alfajiri ya Mangochi huingia karibu saa kumi za usiku kwa saa ya huko. Wete wakati huo huo wa mwaka huingia karibu saa kumi na moja. Aliyezoea kulala saa tano kwao, akilala saa tano Malawi, amejikata takriban saa nzima kila usiku. Kwa wiki ni saa saba, yaani usiku mmoja mzima umepotea. Lala saa tatu na nusu, saa nne isikupite. Simu za nyumbani zipigwe kati ya Magharibi na Isha, si baada ya Isha, na jipumzishe nusu saa kabla ya Adhuhuri.

Uzito huo wa asubuhi ukiwa na homa, kichwa au viungo kuuma, nenda kapime malaria siku hiyo hiyo. Visiwani kwetu malaria imekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi sasa, na mtu aliyekulia hapa mwili wake haujaizoea. Mwenyeji wako anaweza kuugua kidogo akaenda shambani; wewe ugonjwa huo huo unakulaza. Kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidole na jibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Chandarua kifunge leo, ukichomeke chini ya godoro pande zote nne. Kilichoning'inizwa tu na kuachwa wazi ubavuni ni pambo.

Sasa watoto. Ulifika mvua zilipoanza. Malawi mvua ni Novemba hadi Aprili: Novemba na Disemba watu wanalima na kupanda, na kuanzia Januari hadi Machi ghala la mahindi la mwaka uliopita limekwisha na shamba jipya halijakomaa. Miezi hiyo familia nyingi hula mara moja kwa siku, na wakubwa kwa wadogo hutoka kutafuta kibarua wanachokiita *ganyu*. Mtoto ambaye hajala tangu jana hakimbii chuo chako. Anakosa nguvu za kutembea. Hata baadaye mwaka huu, skuli zikifunga likizo ndefu ya kiangazi, utaona wavulana wanatoweka kwa wiki kadhaa: wamekwenda jandoni. Usije ukalia tena.

Fanya hivi. Wiki hii tembelea nyumba kumi za watoto walioacha, na usiende kukaripia. Kaa kibarazani, uliza hali, uliza saa gani mtoto yuko huru. Ukirudi badilisha ratiba: somo jipya liwe Jumamosi na Jumapili asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Siku moja katikati ya wiki liwepo somo jipya fupi, na siku zilizobaki iwe kudurusu tu, dakika 45, atakayeweza kuja na aje.

Uji wa asubuhi husaidia kuliko mawaidha. Kwa watoto 30 unahitaji maji lita 12, unga wa mahindi kilo moja na nusu, sukari nusu kilo, na ukipata karanga zilizotwangwa kikombe kimoja au viwili. Kila mtoto atapata kama mililita 400. Lakini usiupike wewe na usiutangaze kuwa ni wako. Zungumza na kina mama wa msikiti, wao wapike, wao wagawe, kila familia inayoweza ichangie hata kuni. Mgeni akianzisha uji kwa mfuko wake, siku atakapoishiwa chuo kitafungwa pamoja na sufuria.

Halafu hesabu. Unasema "nasomesha Qur'ani", na kazi isiyo na mwisho huchosha hata mwenye nguvu. Juzuu Amma ina sura 37, na katika msahafu wa Madina wenye mistari 15 ni kurasa 23. Mtoto akihifadhi mistari mitano kwa somo moja, ukurasa humalizika kwa masomo matatu. Kwa masomo matatu ya wiki, yaani Jumamosi, Jumapili na ile siku moja ya kati, ni ukurasa mmoja kwa wiki, wiki 23 juzuu nzima. Wenye kichwa chepesi, pengine watano au sita, waandikie lengo hilo. Waliobaki waanzie An-Nas wapande hadi Wadh-dhuha, sura 22. Wanaoanza herufi wasilazimishwe kuhifadhi kwa wingi, wao lengo lao ni kusoma irabu bila kusita kabla hujaondoka.

Tafuta daftari la kurasa 100, piga mistari, kila mtoto mstari wake: jina, siku alizokuja, alipoishia, na sababu ya kutokuja. Safu hiyo ya mwisho ndiyo hasa dawa yako. Ukiisoma mwisho wa mwezi utakuta "shamba", "homa", "amempeleka mdogo wake kliniki". Neno "hataki" utaliona mara chache.

Kisomo chako mwenyewe ukirudishe kwa kiasi kidogo mno, nusu ukurasa kabla watoto hawajafika, lakini umsomee mtu. Kama kuna mzee msikitini anayesoma vizuri, umsomee yeye, na wala usione vibaya kwamba ustadhi anasikilizwa. Na umtafute sheikh mmoja wa nyumbani atakayekusikiliza kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi kila wiki. Anayesomesha miezi minane bila kusomeshwa hukauka.

Kamati iandikie leo, mistari minne: watoto walikuwa wangapi na sasa wangapi, kwa nini, umebadilisha nini, unahitaji nini. Usiombe msamaha. Kamati inayopelekewa habari njema tupu itamtuma kijana mwengine Novemba ijayo, afike na mvua zile zile.

Ukifanya haya kwa wiki nne, ukalala na ukatibiwa, na bado huli, huna usingizi, unalia peke yako au unatamani kufa, hilo ni la hospitali. Mwambie imamu wa hapo na mtu mmoja wa nyumbani siku hiyo hiyo, na urudi. Kwa ajili hiyo nauli ya kurudi inatakiwa iwepo mkononi tangu siku ya kwanza. Anayebaki kwa kukosa nauli amekwama tu, hilo huwezi kuliita kujitolea.

Mume yuko Ngazidja, nyumbani unga umekwisha

*Mume wangu amekwenda Ngazidja, Komoro, kusomesha kwa kujitolea, mwaka mmoja. Miezi minne imepita. Pesa alizoacha zimekwisha mwezi wa tatu. Akipiga simu analalamika kuchoka, na mimi nikimwambia matatizo ya nyumbani anazidi kuvunjika moyo. Nikinyamaza, naumia. Msimu wa karafuu ndio huo unakuja na yeye hayupo. Nimtie moyo vipi? – Mama wa watoto watatu, Chake Chake*

Dada yetu, swali lako ni la kumtia moyo yeye, lakini tunaona kwanza matumizi yako yapatikane. Kuwalisha mke na watoto ni wajibu wa mume. Safari ya kujitolea haiuondoi wajibu huo. Kamati iliyompeleka ilitakiwa ihesabu nyumba yake kabla ya kuhesabu nauli, na kwa maoni yetu kamati nyingi hapa huteleza: huchangisha tiketi, mabegi na misahafu, mchele wa mke wakausahau.

Mwombe mtu mzima wa upande wa mume, baba mkwe au kaka yake, aende kwa kamati na karatasi yenye takwimu tatu: matumizi ya nyumba kwa mwezi, miezi iliyobaki, na kilichopo. Waamue mawili: wachangie miezi minane hiyo, au arudi msimu wa karafuu ukianza, achume, aweke akiba, kisha aende tena. La pili si aibu. Miti ya familia isipochumwa kwa wakati, karafuu hupasuka na kuwa mpeta, na hapo bei yote imeondoka.

Kuhusu muda, iko habari mashuhuri ya Sayyidna Umar kuuliza mwanamke anaweza kustahamili kwa muda gani mumewe akiwa mbali. Mapokezi mengine yanataja miezi minne, mengine sita. Mwaka mzima bila ya kurudi, na bila ya ridhaa yako, ni mrefu. Sema hivyo waziwazi, una haki.

Simu nazo zipangeni. Siku moja ya wiki iwe ya mambo ya nyumba: ada, dawa, deni la dukani. Siku nyengine asikie watoto tu: mmoja amsomee sura, mwengine amwambie alichokula. Bila mpangilio kila simu huwa ya deni, na mtu huanza kuiogopa simu ya mkewe. Ila mtoto akiugua sana usingoje siku. Yeye naye asikulalamikie kila usiku. Ana wenzake huko na ana sheikh wake.

Kila upande unanivuta

*Nipo kijijini Malawi. Watu wamegawanyika: Twaliki wanataka dhikri mazishini, Sukuti wanataka kimya. Kila upande unataka niseme wao ndio sahihi. Nimechoka, sitaki tena hata kutoka nyumbani. – Maalim, kwetu Makunduchi*

Maalim, mgawanyiko huo ulikuwepo kabla hujazaliwa. Twaliki ni watu wa Qadiriyya, jina limetokana na tarika. Sukuti jina lao lenyewe maana yake ni kunyamaza, kwa kuwa wanakataa dhikri ya sauti jeneza likipelekwa makaburini. Mgawanyiko huo umekuwa ukigombanisha majirani, ukoo na ukoo, na chini yake mara nyingi kuna mambo ya nani anashika ufunguo wa msikiti na nani alimuoa binti wa nani. Mtu aliyefika juzi hawezi kuyaona hayo, na akitoa fatwa atakuwa amechagua ukoo, si dalili.

Sheikh Abdallah Bakathir wa Unguja alisafiri hadi Cape Town karibu mwaka 1914 kusaidia kusuluhisha mizozo ya Waislamu wa huko. Lakini alikwenda kwa ajili ya hilo, na alikuwa mwanachuoni aliyekwishakomaa. Wewe umetumwa kusomesha watoto. Sentensi ni moja, ijifunze kwa lugha yao na usiiongeze neno: "Hilo waulizeni masheikh wenu, mimi nimekuja kwa watoto." Sali nyuma ya maimamu wa pande zote mbili. Mazishini nenda kote, beba jeneza, chimba, toa pole; waliosema dhikri waseme, walionyamaza wanyamaze. Masomo yako yawe yale yasiyogombaniwa: kusoma Qur'ani, udhu na sala, adabu, na sira. Mwaliko wa chakula wa nyumba ya upande mmoja ukiupokea, wiki hiyo hiyo uwe umepokea wa upande wa pili. Mambo yakifika kwenye matusi msikitini, peleka habari kwa ofisi ya wilaya ya Muslim Association of Malawi, si kwenye kundi la simu la Makunduchi.

Kujifungia ndani kutakumaliza. Toka saa moja kila jioni kwa kazi isiyo ya dini: wasaidie wavuvi kuvuta wavu, au kaa kwa fundi cherehani ujifunze Kiyao. Maneno 200 kwa miezi miwili yanatosha kuacha kuwa mgeni wa kutafsiriwa, na huo uchovu wako nusu yake ni uchovu wa kutafsiriwa.

Ustadha anayetaka Msumbiji

*Nataka kwenda kusomesha wanawake Cabo Delgado, nasikia Kimwani kinafanana na Kiswahili. – Ustadha, Mtoni*

Kinafanana kweli. Lakini jimbo hilo limo katika mapigano tangu Oktoba 2017, na mgeni mwenye Kiswahili anayekusanya watu kwa jina la dini bila karatasi atashukiwa siku ya kwanza, na wenyeji waliomkaribisha watashukiwa naye. Kwa sasa hatukushauri. Kama ni Msumbiji, ziko sehemu nyengine tulivu. Anza na barua ya mwaliko kutoka kwa taasisi inayotambulika kama Baraza la Kiislamu la nchi hiyo, CISLAMO, kisha uulize ubalozi wao kibali kinachofaa. Viza ya matembezi si kibali cha kusomesha, popote pale. Kireno cha miezi mitatu kwanza. Habari ya mahram na mahali pa kulala imalizwe kwa maandishi kabla ya tiketi, usije ukafika ukaambiwa "tutaangalia".

Nimerudi, najihisi mtupu

*Nimerudi Unguja wiki mbili zilizopita baada ya miezi sita Malawi. Kila mtu ananiita nitoe mawaidha, mimi sina hamu na chochote. Wanafunzi wananitumia ujumbe wa kuomba pesa. Na nilipokuwa huko nilikuwa napunguza sala muda wote, imamu wa hapa kaniambia nimekosea. – Wa Jang'ombe*

Tuanze na la mwisho. Katika madhehebu ya Shafi, anayetia niya ya kukaa pahala siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anasali kamili tangu anapofika. Kupunguza ni kwa njiani: boti, basi la Mbeya, mpaka wa Kasumulu, hadi ufike. Kuhusu sala zilizopita, kaa na sheikh wako mtu kwa mtu, usilimalizie gazetini.

Mawaidha yakatae kwa wiki sita. Waambie utazungumza mara moja tu, kwa kamati iliyokutuma, na ukiwa na daftari lako mkononi: watoto gani wamefika wapi, nani wenyeji wa kuaminika, maji yanatoka wapi, chumba kinavuja upande gani. Mrithi wako hayo yatamfaa kuliko khutba.

Ujumbe wa wanafunzi ujibu siku moja ya wiki, salamu na kuwauliza walipofika. Pesa usiahidi hata shilingi. Kama kuna mtoto mwenye shida ya kweli, ipitie kwa imamu wa pale na kwa kamati, kwani ukimtumia mmoja wataomba arubaini.

Na huo utupu usiuachie moyo peke yake. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu tangu urudi, nenda kituo cha afya upimwe malaria, na useme umetoka Malawi. Usipowaambia, kwa hapa kwetu wanaweza wasiifikirie mapema. Kama ulikuwa unaoga ziwani, ngoja ifike miezi miwili hadi mitatu tangu ulipoingia majini mara ya mwisho, kisha peleka mkojo na choo vyote viwili vipimwe kichocho, kwani mkojo peke yake unaweza kukosa kukionesha.